Shinji Siyo Mwoga, Wakubwa Ndio Waliomwangusha

Kila ikitajwa Neon Genesis Evangelion, stori haijafika hata mbali, lazima atokee mtu wa kusema lile lile: "Anime kali, ila steringi wake mwoga. Dogo analialia tu." Shinji Ikari kapewa majina yote. Lialia, mlegevu, mtoto wa mama, na mwisho kabisa eti "siyo mwanaume".

Dogo anaonewa. Wengi wanaomsema hivyo waliangalia mapigano, hawakumwangalia mtoto.

Angalizo: hapa chini stori inaelezwa mpaka mwisho. Ambaye hajaiona aamue mwenyewe kuendelea au kuishia hapa.

Kwa kifupi, hii ni anime ya episodi 26 iliyorushwa Japani kuanzia Oktoba 1995 hadi Machi 1996, imetengenezwa na studio ya Gainax chini ya muongozaji Hideaki Anno. Stori yake imewekwa mwaka 2015, miaka 15 baada ya janga kubwa kutokea ncha ya kusini na kuua nusu ya binadamu. Viumbe wa ajabu wanaoitwa Malaika wanakuja mmoja mmoja kushambulia mji wa Tokyo-3. Kinachowaweza ni Eva tu, majitu ya kivita ambayo marubani wake ni watoto wa miaka 14. Eva linatumia umeme wa waya. Waya ukikatika, linabaki na dakika 5 basi.

Sasa mtu aliyezoea kwamba steringi hafi, steringi haogopi, akikutana na Shinji lazima ashangae. Ila chukua episodi ya kwanza tu, uiangalie taratibu.

Mama yake alipotea akiwa mdogo. Baba yake, Gendo, akamwacha alelewe na mtu mwingine, akaendelea na kazi zake. Miaka imepita, siku moja anaitwa. Dogo anakuja, labda moyoni anajiambia mshua kanikumbuka. Anafika anaonyeshwa jitu la chuma na nyama, anaambiwa panda ukapigane, na kama hutaki ondoka. Hakuna salamu, hakuna pole na safari. Hajafundishwa hata siku moja.

Anakataa. Nani asingekataa?

Ndipo Gendo anaamuru aletwe Rei, msichana wa umri ule ule, kafungwa bandeji mwili mzima, hawezi hata kukaa vizuri. Ujumbe unaeleweka: wewe usipopanda, huyu ndiye atakayekwenda. Shinji anamshika yule binti, anaona damu mkononi mwake, anasema atapanda. Anatoka nje, hatua chache tu anaanguka, mkono wa Eva unavunjwa na yeye anasikia maumivu kama wake. Maana Eva siyo gari. Likiumia, rubani naye anaumia.

Huyo ndiye mwoga? Mwoga angekimbia akamwacha Rei afe.

Hivyo hivyo stori nzima. Ni kweli anatoroka, zaidi ya mara moja. Lakini kila akitoroka anarudi, na kila akirudi anakuta mzigo umeongezeka. Episodi ya 18 ndiyo mbaya kuliko. Malaika kaingia ndani ya Eva jingine, na ndani yake kuna rubani mtoto. Shinji anakataa kumuua mtoto mwenzake. Baba yake hasubiri. Anaamuru Eva liondolewe mikononi mwake na liendeshwe na mtambo, na Shinji anabaki amefungiwa humo ndani, akipiga kelele wakati mikono aliyokuwa akiiongoza yeye ikiponda kiti cha mwenzake. Kumbe aliyekuwa mle ni Toji, rafiki yake wa shule. Toji anapona, ila mguu umekwenda.

Baada ya hapo Shinji anasema basi, naacha. Episodi inayofuata Malaika mwingine anaingia hadi makao makuu, marubani wengine wameshindwa, na dogo anarudi tena kwa miguu yake kuomba apande. Halafu mtu anakaa kwenye kochi na soda yake anasema huyu hana moyo! Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Na wale wanaomwita mtoto wa mama, hawajui wamegusa wapi. Mama yake yumo ndani ya lile Eva. Alipotelea humo kwenye majaribio, na baba anajua. Dogo anapigana akiwa ndani ya mama yake, na aliyepaswa kumwambia kanyamaza.

Wapo wanaosema mbona Asuka hayuko hivyo? Asuka ni jasiri, ana mdomo, anajiamini. Hapo ndipo Anno aliwachezea watu akili. Asuka ana kidonda kile kile. Mama yake alichanganyikiwa, akawa anamlea mdoli akidhani ndiye mwanaye, na siku mtoto anakimbia kumpa habari njema alimkuta kajinyonga. Asuka akajiapiza kwamba hatalia tena. Akajikaza kweli kweli. Matokeo yake? Anaishia kitandani hospitali, hawezi kuongea. Mmoja analia, mwingine kajikaza, na wote wawili wanaanguka. Kujikaza hakukumsaidia yeyote.

Sasa lazima kusema kweli pia. Shinji siyo mtakatifu. Kwenye filamu ya 1997, The End of Evangelion, kuna jambo la aibu analofanya kando ya kitanda cha Asuka ambalo halina mtetezi, na yeye mwenyewe anajichukia papo hapo. Kuna watu wanakufa wakati yeye kajikunyata hataki kusimama. Anayesema hayo hayavumiliki yuko sahihi. Lakini kumwelewa mtu siyo kumsafisha. Swali ni nani alimfikisha pale, na kwa nini lawama zote ziishie kwa mtoto wa miaka 14 wakati chumba kizima kimejaa watu wazima wenye vyeo?

Anno mwenyewe alishasema wazi kwamba kabla ya kazi hii alipitia miaka minne ya kukwama kabisa na sonona. Na mwaka ule 1995 Japani yenyewe ilikuwa na majeraha: Januari tetemeko liliipiga Kobe, Machi watu wa dhehebu moja wakamwaga sumu ya gesi kwenye treni za Tokyo. Ndiyo maana episodi mbili za mwisho hazina hata vita. Ni mtoto kakaa kwenye kiti anaulizwa kwa nini anajichukia, mpaka anakubali kwamba na yeye anaweza kuruhusiwa kuishi. Mashabiki wengi walikasirika. Walitaka roboti, wakapewa kioo.

Jibu la yote limekuja miaka 25 baadaye. Filamu ya mwisho ya mfululizo mpya ilitoka Machi 2021, na nusu yake ya kwanza inamkuta Shinji kijijini, kavunjika kabisa. Haongei, hali. Toji na Kensuke, marafiki wa zamani ambao sasa ni watu wazima, hawamwambii jikaze. Wanampa pa kulala na chakula, wanamwacha akae. Ni kweli mzee mmoja anagomba, na Asuka kwa hasira zake anamsokomeza chakula mdomoni. Lakini hakuna anayemfukuza. Binti anayefanana na Rei anampelekea chakula kule alikojificha. Siku moja dogo analia, anauliza kwa nini wote wanamfanyia wema. Anajibiwa kwamba ni kwa sababu wanampenda.

Baada ya hapo anasimama mwenyewe. Anafanya kazi kijijini, anarudi vitani kwa hiari, na anakwenda kuongea na baba yake uso kwa uso. Mwisho Gendo anakiri kwamba muda wote yeye ndiye aliyekuwa akiwaogopa watu, hata mtoto wake mwenyewe. Misato, yule mama mlezi aliyemkosea mara nyingi, naye anasimama mbele ya bunduki na kusema ya Shinji yako juu yake. Hatimaye mtu mzima kabeba mzigo wake.

Mtoto ni yule yule. Kilichobadilika ni waliomzunguka.

Ndiyo maana ule utani siyo utani tu. Kuna Shinji kila mtaa. Dogo kafeli mtihani, kafiwa, au baba kaondoka hajarudi, na kila anayepita anamwambia "wewe mwanaume bwana, jikaze". Anajikaza, ananyamaza, watu wanasema afadhali ametulia. Mpaka siku wanashtuka.

Kabla ya kumwita mtu mwoga, muulize kwanza kama amekula. Wewe unaonaje mdau, Shinji alionewa au alijitakia? Dondosha maoni hapo chini, ila matusi weka pembeni.