Ati unahamia Dubai kwa sababu ya ushuru?

Wasomaji wangu, wale mliokuja kusoma sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata mtanisamehe. Itakuja. Leo kuna jambo limenikaa kooni na nisipolitoa sitaweza kuandika hata mstari mmoja wa msimbo.

Kuna hesabu inayozunguka miongoni mwetu watengenezaji programu wa Nairobi, hasa wale walioajiriwa na kampuni za ng'ambo, wanafanya kazi wakiwa nyumbani na kulipwa kwa dola. Hesabu yenyewe ni hii: hamia Dubai, ambako mshahara hautozwi ushuru. Mke na watoto waache Kenya, ambako maisha ni nafuu. Uwe unakuja Krismasi na likizo ya Agosti. Kazi ni ile ile, mwajiri ni yule yule, kipakatalishi ni kile kile, ila KRA haimo tena. Nimeisikia kwa wenzangu wa chuo, nimeisikia harusini, na miezi hii naisikia mezani kwangu kila jioni kwa sababu mume wangu naye ameipenda. (Ameisoma makala hii kabla sijaichapisha. Hakubaliani nayo. Nimemwambia afungue blogu yake.)

Mimi nasema hesabu hiyo ni mbovu. Mambo ya maadili tutayafikia. Kwanza nasema ni mbovu kama programu inavyokuwa mbovu: ukiiendesha haitoi jibu inalodai kutoa.

Tuanze na pesa, maana si haki kujifanya ni kidogo. Chukua mtu mwenye mapato ya shilingi 600,000 kwa mwezi yanayotozwa ushuru. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2023 atalipa asilimia 10 kwa shilingi 24,000 za kwanza, asilimia 25 kwa 8,333 zinazofuata, asilimia 30 hadi kufikia 500,000, halafu asilimia 32.5 kwa ile laki ya juu. Toa msamaha wa 2,400. Inabaki karibu shilingi 175,000 kila mwezi, yaani milioni 2.1 kwa mwaka. Hapo bado hujagusa ada ya nyumba ya asilimia 1.5 na bima ya afya ya asilimia 2.75. Ukiziona pesa hizo zikiondoka na barabara ya kuingia mtaani kwenu bado ni matope, hasira inakuja yenyewe. Naielewa kabisa. Na mimi nakatwa.

Basi mume wangu akatengeneza lahajedwali. Halafu, kwa kuwa ni mume wangu, akaandika na programu ndogo ya kuhesabu siku. Ukiingiza tarehe za safari zako inakuambia umebakiza siku ngapi kabla ya kufika 183, zile siku ambazo kila mtu anazijua. Ukibaki chini ya 183 inawaka kijani. Programu safi, nimeikagua, haina kosa hata moja la sintaksia.

Kosa liko kwenye sharti. Fungua Sheria ya Ushuru wa Mapato, Sura ya 470, kifungu cha 2, mahali inapoeleza mkazi ni nani. Nikiiandika kwa lugha yetu inakuwa hivi:

kama (ana makao ya kudumu Kenya NA amekuwepo Kenya kwa muda wowote mwaka huo)
AU (hana makao ya kudumu LAKINI amekuwepo siku 183 au zaidi mwaka huo)
AU (hana makao ya kudumu LAKINI amekuwepo mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia, kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kila mwaka)
basi mkazi = KWELI

Mmeiona? Zile 183 ziko kwenye mstari wa pili. Mstari wa pili unasomwa tu ikiwa wa kwanza umeshindwa. Na mstari wa kwanza hauhesabu siku. Unauliza mambo mawili: una makao hapa? Umekanyaga hapa mwaka huu? Jibu likiwa ndiyo na ndiyo, mambo yamekwisha, hakuna haja ya kuendelea kusoma. Kila aliyesoma mwaka wa kwanza wa sayansi ya kompyuta anajua sharti la AU linavyofanya kazi.

Sasa niambie. Nyumba ambayo mkeo anaishi, mtoto wako analala humo, jina lako liko kwenye mkataba wa kukodi, nguo zako ziko kabatini na unapoingia Krismasi huhitaji kubisha hodi. Kama hiyo si makao yako ya kudumu, ni ya nani? Ukija siku tatu tu, mstari wa kwanza umetimia. Na ukishakuwa mkazi, mapato ya ajira yako yanatozwa ushuru Kenya hata kama kazi uliifanyia nje ya Kenya. Huko Dubai hukulipa chochote, kwa hiyo hakuna cha kupunguziwa hapa. Tarehe 30 Juni inapofika unatakiwa kujaza fomu ya iTax kama jirani yako ambaye hajawahi kupanda ndege.

Njia ya kuukwepa mstari wa kwanza ipo. Usije kabisa. Au usiwe na makao hapa, na "usiwe na makao" maana yake ni usiwe na sisi. Nilipomwambia hivyo alicheka akasema, "Sasa Mama nanihii, nani atajua?" (Jina la mtoto siweki mtandaoni.) Hapo ndipo hesabu inapogeuka kuwa kitu kingine. Kupanga maisha yako ili sheria ikutoze kidogo ni haki yako. Kutegemea kwamba hakuna atakayejua kuna jina lake, na ni kosa la jinai. Tena kwa watu wa kazi yetu, tunaojua vizuri pasipoti inavyosomwa kwenye mashine pale JKIA!

Wengine hutaja mikataba ya kuzuia ushuru kutozwa mara mbili. Sawa. Mikataba mingi ya aina hiyo inafuata mfano wa OECD, na mfano huo ukikuta mtu ni mkazi wa nchi mbili unauliza kwanza makao yake ya kudumu yako wapi. Kama yako pande zote mbili unauliza uhusiano wake wa kibinafsi na wa kiuchumi uko karibu zaidi na upande upi. Mke na mtoto wako upande gani? Tuendelee.

Na jambo hili si geni. Tajiri mmoja Mwingereza, Robert Gaines-Cooper, alidai kwamba tangu mwaka wa 1976 makao yake ni Ushelisheli. Alikuwa na nyumba huko, na kwa miaka alihesabu siku zake za kulala Uingereza ili wastani usifike 91 kwa mwaka. Mhesabu siku hodari kuliko mume wangu. Lakini alikuwa pia na nyumba karibu na Henley-on-Thames, na humo waliishi mkewe na mwanawe. Mamlaka ya ushuru ikamwambia hukuhama. Kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza, na tarehe 19 Oktoba 2011 majaji wanne kati ya watano wakakataa hoja zake. Haikutosha kuhesabu siku. Alitakiwa awe amekata kweli uhusiano wake wa kifamilia na kijamii na Uingereza. Mwaka wa 2013 Waingereza wakaiandika upya sheria ya ukazi, na mwenzi na watoto wadogo wanaoishi Uingereza wamo waziwazi kama kimoja cha vifungo vinavyohesabiwa.

Linganisha na Philip Green, yule wa maduka ya nguo ya Topshop. Mwaka wa 2005 kampuni yake ilitoa mgao wa faida wa pauni bilioni 1.2, na kwa kuwa mwenye hisa alikuwa mkewe Tina, mkazi wa Monaco, Uingereza haikupata ushuru wa mapato juu ya mgao huo. Watu walikasirika sana, lakini ilikuwa halali. Sasa angalia nani alikuwa wapi. Mke alikuwa Monaco, nyumba ya familia ilikuwa Monaco, na mume ndiye aliyekuwa akifanya kazi London na kuruka kwenda kwao wikendi. Simsifu, Mungu apishe mbali. Ninachosema ni kwamba hata bwenyenye anayetaka kukwepa ushuru kwa njia inayofaulu huipeleka familia kule kusikotozwa. Hawa wetu wanaiacha pale pale panapotozwa, halafu wanashangaa.

Nikamuuliza basi: kwa nini tusiende sote watatu? Sheria za huko zinamruhusu mkazi mwenye mshahara wa dirham 4,000 kwa mwezi kumdhamini mke na watoto, na yeye anapata zaidi ya mara nne ya hizo. Mimi pia kazi yangu iko kwenye kipakatalishi. Akafungua lahajedwali nyingine (ndiyo, kuna nyingine) akanionyesha: nyumba ya vyumba viwili, shule ya chekechea, bima ya afya ya watu watatu. Ikitoka Dubai akiba ni sifuri. Ikawa hasi kidogo, kwa kweli.

Hapo ndipo nilipoelewa, na ndiyo sababu naandika. Akiba yote iliyoko kwenye ile lahajedwali ya kwanza haitoki kwa KRA. Inatoka kwetu. Inatoka kwa mimi na mtoto kubaki Ruaka tukiishi kwa bei ya Ruaka. Hata yeye mwenyewe, chumba alichokipenda ni dirham 4,500 kwa mwezi. Kwa shilingi 35 hivi kwa dirham hiyo ni 157,500. Ondoa kwenye zile 175,000. Umeacha mwanao kwa shilingi 17,500, na nauli bado. Alipoona hivyo akasema basi atakodi kitanda tu kwenye chumba cha watu wanne. Mtu mzima mwenye shahada, mwenye nyumba, anahamia bweni.

Na kuna seli moja ambayo imeandikwa 0 kwenye zote mbili. Ni seli ya malezi. Kwa wasiojua, kazi yangu ina zamu ya usiku: seva ikianguka saa nane za usiku simu inayolia ni yangu. Siku hizi inapolia, yeye ndiye anayembeba mtoto akiamka. Akienda, seva na mtoto vyote ni vyangu usiku huo huo, au namwajiri yaya wa kulala, au naacha zamu na nyongeza yake. Zote tatu zina bei. Kwenye lahajedwali ni 0. Tungepata hitilafu kama hiyo kwenye mfumo wa mteja, tungefukuzwa.

Najua nitaambiwa Wakenya wameishi hivi tangu zamani. Baba mjini, mama mashambani. Mabaharia wa Mombasa. Na leo maelfu ya kina mama wako Uarabuni wanafanya kazi za nyumbani, watoto wao wanalelewa na nyanya. Kweli. Lakini wale walikwenda kwa sababu kazi ilikuwa kule na hapa haikuwepo. Mama anayeosha vyombo Riyadh ili mwanawe alipiwe karo angepewa kazi hiyo hiyo, kwa malipo hayo hayo, akiwa nyumbani kwake Kilifi, unadhani angepanda ndege? Wewe kazi umeletewa mpaka mezani. Teknolojia imekutendea jambo ambalo babu yako wa reli hakuliota, kwamba ulipwe na nchi ya mbali ukiwa unasikia mtoto wako akicheza chumba cha pili. Halafu unaichukua zawadi hiyo na kuitumia kuondoka. Usijilinganishe na yule mama. Unamtukana.

Kuhusu hasira ya ushuru, nilisema naielewa. Juni 2024 vijana wengi wa kazi hii yetu walikuwa barabarani, na Mswada wa Fedha wa mwaka huo ukaondolewa. Ilikuwa njia ngumu na wengine hawakurudi nyumbani. Lakini yule anayehama peke yake hapingi chochote. Nyumbani kwake bado kuna mtu anayekatwa PAYE kila mwezi, anayelipa ada ya nyumba, anayetumia barabara ile ile ya matope kumpeleka mtoto kliniki. Mtu huyo ni mkewe.

Huko kwetu mambo yamefika hapa: anataka kuondoka Januari. Viza ya kufanya kazi kwa mbali, ile ambayo Dubai ilianzisha mwaka wa 2020, ameshaanza kuijazia fomu. Nimemwambia chaguo ni mawili, watatu twende au watatu tubaki, na kama ni kubaki basi tumtafute mhasibu halali atuambie ni makato gani tunaruhusiwa kudai na hatudai. Amesema atafikiria. Jumamosi tunaketi tena. Ile programu ya kuhesabu siku nimeirekebisha, sasa inauliza swali la makao kwanza, na tangu hapo haijawaka kijani. Lahajedwali nimeiongezea mistari mitatu na kuifunga kwa neno la siri.

Sehemu ya pili ya hifadhidata itakuja wiki ijayo. Inshallah.