Suruali, ndoa na "Mama": kwa nini wanasiasa wanawake hutangazwa tofauti?

Jumanne ya tarehe 1 Juni 2021, Bunge la Tanzania lilikuwa katika vikao vya bajeti mjini Dodoma. Mbunge wa Nyang'hwale, Hussein Amar, alisimama na kulalamikia mavazi ya baadhi ya wabunge wanawake, akisema yanakwenda kinyume na kanuni. Aliyelengwa alikuwa Condester Sichalwe, mbunge wa Momba mkoani Songwe, aliyekuwa amevaa blauzi ya njano na suruali nyeusi. Spika wa wakati huo, Job Ndugai, alimwamuru atoke nje, akavae vizuri ndipo arudi. Sichalwe alitoka. Baadhi ya wabunge wanawake wenzake walitaka aombwe radhi.

Picha yake ilisambaa kwenye simu kuanzia siku hiyo, na habari ikafika hadi kwenye vyombo vya nje ya Afrika. Kwa watu wengi nje ya Songwe, hapo ndipo walipolisikia jina lake kwa mara ya kwanza. Momba ni jimbo la mpakani na Zambia, lina wakulima, wavuvi na wafanyabiashara wa mpakani, na bajeti ndiyo iliyokuwa mezani. Kuhusu mambo hayo msikilizaji hakupata kitu. Alichobaki nacho ni suruali.

Wapo waliosema vyombo vya habari havina kosa, kwa sababu Spika akimtoa mbunge ukumbini, hiyo ni habari. Ni kweli, ni habari. Lakini mwandishi ana maswali ya kuuliza. Kanuni ipi ilivunjwa, na inasemaje hasa? Ni mbunge gani mwanamume aliyewahi kutolewa kwa kubanwa na suruali? Mbunge huyo alikuja siku hiyo kuzungumzia nini? Taarifa inayoyajibu inamsaidia mwananchi. Ile inayoishia kwenye picha na maoni ya wapita njia kuhusu kama suruali ilibana au haikubana inaendeleza kazi iliyoanzishwa na yule aliyelalamika.

Neno linaloongezwa

Kiswahili kina bahati moja katika jambo hili. Ukisema "mbunge alisimama akauliza swali", hakuna anayejua kama aliyesimama ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza mara nyingi kinamlazimisha mtu achague anapotumia kiwakilishi. Sisi lugha yetu haitulazimishi. Kwa hiyo kila unaposikia "mbunge wa kike", "waziri wa kike" au "mgombea mwanamke", ujue kuna mtu aliyeamua kuongeza neno. Wakati mwingine kuna sababu: Anna Makinda alipochaguliwa mwaka 2010 kuwa Spika mwanamke wa kwanza Tanzania, uanamke wake ulikuwa sehemu ya habari yenyewe. Lakini mbunge anapouliza kwa nini pembejeo zimechelewa, neno hilo linafanya kazi gani? Sijawahi kusikia taarifa ya habari ikianza na "mbunge wa kiume wa jimbo fulani".

Chukua mfano wa Kenya. Katiba ya 2010 iliweka viti 47 vya wanawake katika Bunge la Taifa, kimoja kwa kila kaunti. Anayekishika huchaguliwa na wapiga kura wa kaunti nzima, eneo lile lile analotafuta kura gavana na seneta, na ni kubwa kuliko jimbo la mbunge wa kawaida. Akifika Nairobi anapiga kura juu ya bajeti na sheria sawasawa na mbunge mwingine yeyote. Sasa sikiliza anavyoitwa redioni na kwenye mikutano: "Mama Kaunti". Jina lina heshima na wengi wao wamelikubali, hata kulipenda. Ila polepole linamhamisha. Mama Kaunti anatarajiwa kuleta mahema, viti vya plastiki, sufuria na mtaji wa chama cha akina mama. Anapotaka kuzungumzia deni la taifa, watu wanashangaa.

Mtu atasema: mbona marehemu Raila Odinga aliitwa "Baba", na Nyerere ni "Baba wa Taifa"? Hoja nzuri. Lakini tazama kila jina linaelekea wapi. "Baba" humpa mtu mamlaka: ndiye mwenye boma, neno lake ni la mwisho. "Mama" humpa mtu kazi ya kutunza. Anapokuwa mkali, watu huona amelisaliti jina. Baba akiwa mkali, huonekana analitimiza.

Zipo pia sifa zenye sumu kidogo. Mwanasiasa mwanamke asiyeyumba huitwa "jike dume", "mwanamke wa shoka" au "mama wa chuma". Hilo la chuma lilianzia kwenye gazeti la jeshi la Urusi ya Kisovieti mwaka 1976, likimlenga Margaret Thatcher wa Uingereza. Lilikusudiwa kuwa kejeli, yeye akaligeuza kuwa nishani. Martha Karua wa Kenya ameitwa hivyo kwa miaka mingi, na alipokuwa waziri katika serikali ya Kibaki kuna waliomsifu kwamba ndiye "mwanamume pekee" kati yao. Ni sifa inayosema kuwa ujasiri ni mali ya wanaume, na kwamba mwanamke aliye nao ameuazima tu.

"Umeolewa wapi?"

Msikilizaji wa kijijini analijua swali hili kuliko mwandishi wa mjini. Mwanamke akitaka kugombea nyumbani kwao alikozaliwa, anaambiwa yeye ni wa kwa mumewe. Akienda kugombea kwa mumewe, anaambiwa ni wa kuja.

Joyce Laboso alikutana nalo mwaka 2017 alipogombea ugavana wa Bomet nchini Kenya. Wakati huo alikuwa amemaliza miaka minne na zaidi kama Naibu Spika wa Bunge la Taifa, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Wapinzani wake hawakuanza na rekodi hiyo. Walisema ameolewa na Mluo, kwa hiyo akaombe kura Nyanza. Alishinda hata hivyo, akimwangusha Isaac Rutto aliyekuwa madarakani. Alifariki Julai 2019.

Ushindi wa Laboso haufuti swali. Unaonyesha tu kwamba lilikuwepo na lilimgharimu: kila dakika aliyotumia kueleza ndoa yake redioni ilikuwa dakika ambayo hakuulizwa kuhusu barabara za Bomet au bei ya majani chai. Mgombea mwanamume wa Bomet aliyeoa Mluo angeulizwa hivyo? Mke wake angetajwa mara moja kwenye wasifu, labda na pongezi juu.

Mambo haya si ya Afrika peke yake. Machi 2017, waziri mkuu wa Uingereza Theresa May alikutana na kiongozi wa Scotland, Nicola Sturgeon, siku ambazo nchi ilikuwa karibu kuanza rasmi kujitoa Umoja wa Ulaya. Gazeti la Daily Mail liliweka ukurasa wa mbele picha yao wakiwa wamekaa, na kichwa cha habari kikahoji nani ana miguu mizuri zaidi. Tofauti ni kwamba kule mtu anaweza kulitupa gazeti moja akachukua jingine. Kijiji chenye redio mbili zinazoshika vizuri hakina nafasi hiyo.

Mtoto kama "mgeni"

Tarehe 7 Agosti 2019, mwakilishi wa wanawake wa Kwale, Zuleikha Hassan, aliingia katika Bunge la Kenya na mtoto wake wa miezi mitano. Alikuwa na dharura na hakuwa na pa kumwacha. Wabunge kadhaa wanaume walimpigia kelele za aibu, na aliyekuwa akiongoza kikao, Christopher Omulele, akamwamuru atoke. Kwa kanuni za Bunge, mtoto yule alihesabiwa kuwa "mgeni". Baadhi ya wabunge wanawake walitoka pamoja naye.

Siku zilizofuata mjadala wa redio na mitandaoni uligawanyika: mama jasiri, au mama anayetafuta kiki? Jambo zito zaidi lilipata nafasi ndogo. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inawataka waajiri waweke mahali pa kunyonyeshea kazini. Bunge lilikuwa limeitunga sheria hiyo lenyewe, miaka miwili kabla. Habari yenye uzito kwa mfanyakazi wa kiwanda cha chai au mwalimu wa Kinango ilikuwa ni nani anayeitekeleza na nani anayeikwepa. Badala yake tulijadili tabia ya mwanamke mmoja.

Ukosoaji si ubaguzi

Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu shutuma ya mfumo dume nayo inaweza kugeuzwa ngao.

Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais wa Tanzania tarehe 19 Machi 2021, siku mbili baada ya kifo cha John Magufuli. Katika wiki za mwanzo alilazimika kuwaambia hadharani wenye shaka kwamba aliyesimama mbele yao ni Rais, ila ana maumbile ya kike. Shaka hizo zilikuwa za kibaguzi: hakuwa bado ametenda la kukosolewa. Matusi yanayomwambia arudi jikoni ni ya kundi hilo hilo.

Lakini uchaguzi wa Oktoba 2025 ni jambo jingine. Mpinzani mkuu, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, intaneti ilizimwa, na watu waliuawa katika vurugu. Maswali kuhusu hayo angeulizwa rais yeyote, awe Samia, awe Juma. Anayejibu kwamba yanaulizwa kwa sababu Rais ni mwanamke anazima swali halali, na anawaharibia wanawake wengine watakaolalamika kwa haki kesho.

Wala wanawake hawana kinga ya kuyasema yale yale. Agosti 2021, akiwapokea Ikulu vijana wa kiume waliotwaa kombe la CECAFA, Rais Samia aligusia wachezaji wanawake wa soka kwamba baadhi wana vifua bapa hata mtu angedhani ni wanaume, akahusisha na nafasi zao za kuolewa. Catherine Ruge wa baraza la wanawake la CHADEMA alikuwa miongoni mwa waliompinga. Ilikuwa haki kumkosoa. Kauli ya kupima mchezaji kwa kifua chake haibadiliki uzito kwa kuwa imetoka kwa mwanamke.

Kipimo ninachokitumia ni rahisi: badilisha jina. Weka jina la mwanamume mwenye cheo hicho hicho kwenye sentensi uliyoisikia. Kama bado ina maana, "waziri hakueleza fedha zilikokwenda", huo ni ukosoaji. Kama inakuwa kichekesho, "waziri huyo wa kiume, baba wa watoto watatu, alivaa suti iliyompendeza", umeshajua. Wanaume nao huchekwa kwa tumbo au kimo, lakini sijasikia tumbo la mtu likitolewa kama ushahidi kwamba wanaume hawafai kuongoza.

Ukubwa wa tatizo

Mradi wa kimataifa wa kufuatilia vyombo vya habari, GMMP, huhesabu kila baada ya miaka mitano nani anatajwa na nani anahojiwa kwenye habari. Mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 17. Mwaka 2020 walifika asilimia 25, yaani robo, baada ya miaka 25 ya semina. Umoja wa Mabunge Duniani ulifanya utafiti barani Afrika uliotolewa 2021: asilimia 80 ya wabunge wanawake walioulizwa walisema wamepitia ukatili wa kisaikolojia, na asilimia 67 walikuwa wameelekezewa maneno au vitendo vya kibaguzi.

Licha ya hayo, Kenya haikuwa na gavana mwanamke hata mmoja mwaka 2013. Mwaka 2017 walichaguliwa 3, mwaka 2022 wakawa 7. Wapiga kura wamekuwa wepesi kubadilika kuliko vichwa vya habari. Uchaguzi mwingine wa Kenya ni Agosti 2027, na kura za mchujo hutangulia. Huko ndiko wengi hukatwa, mara nyingi kwa maneno ya redioni kabla ya karatasi ya kura.

Ukisikia kipindi kilichovuka mpaka, unaweza kulalamika. Anza na kituo chenyewe. Usiporidhika, Kenya kuna Tume ya Malalamiko ya Baraza la Vyombo vya Habari. Tanzania kuna Baraza la Habari, na kwa redio na televisheni kuna Kamati ya Maudhui ya TCRA. Andika kwenye simu yako jina la kituo, kipindi, tarehe, saa na maneno yaliyotamkwa kama yalivyotamkwa. Malalamiko ya "walimtukana mgombea wetu" bila saa wala maneno huwa vigumu kuyafuatilia.