Jibini Isiyo ya Maziwa: Ipimwe kwa Lishe, si kwa Sura

Katika vihamba vya mteremko wa Kilimanjaro, toka Machame hadi Rombo, ng'ombe na mgomba wametegemeana kwa vizazi vingi. Ng'ombe hufungwa zizini, akakatiwa majani na kuletewa vipande vya mashina ya migomba. Naye hulipa samadi kwa mgomba na maziwa kwa watoto. Mpango huo ni wa busara, kwani ndizi, pamoja na sifa zake zote, ni chakula cha wanga: katika gramu 100 za ndizi mbichi mna protini ipatayo gramu moja tu. Maziwa, maharage na nyama ndivyo vilivyoziba pengo hilo.

Hata hivyo wako watu, hata katika nyumba zenye ng'ombe, ambao maziwa hayapatani nao. Wakinywa kikombe kimoja, tumbo hujaa gesi na kusokota, na pengine huharisha. Mwanafunzi wa bweni apatwaye na hali hiyo huweza kuambiwa kwamba anadeka. Baadhi ya watu hao huacha maziwa na kila kitokanacho nayo, kisha hutafuta kitu cha kushika nafasi ya jibini. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: kitu hicho kichaguliwe kwa kipimo gani?

Kwanza yafaa kuelewa chanzo cha tatizo. Sukari ya maziwa huitwa laktosi. Ili mwili uitumie, hauna budi kuivunja kwa kimeng'enya kitengenezwacho katika utumbo mwembamba, kiitwacho laktesi. Mtoto mchanga huwa nacho kwa wingi. Lakini kwa watu walio wengi, kadiri ya theluthi mbili ya watu wote duniani, kimeng'enya hicho hupungua baada ya mtoto kuachishwa ziwa. Laktosi isiyovunjwa huteremka hadi utumbo mpana, ambako bakteria huichachusha na kutoa gesi.

Mwaka 2007 mwanasayansi Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa miongoni mwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan. Walionyesha kwamba uwezo wa kumeng'enya maziwa ukubwani ulizuka katika Afrika ya Mashariki kwa mabadiliko ya chembe za urithi yaliyo tofauti na yale ya Ulaya, na kwamba ulienea katika miaka elfu chache iliyopita, sambamba na ufugaji. Basi mtu mzima asiyeweza kunywa maziwa si mgonjwa, wala hadeki. Hali yake ndiyo iliyokuwa ya kawaida kwa binadamu kabla ya ufugaji.

Madhali chanzo ni sukari, si kila mtu wa namna hii anayelazimika kuikimbia jibini. Jibini inapotengenezwa, sehemu kubwa ya laktosi huondoka pamoja na maji ya maziwa yanayochujwa, na ile inayobaki huliwa na bakteria jibini inapokomaa. Kwa hiyo jibini ngumu iliyokomaa ina laktosi kidogo mno. Mtindi nao huvumiliwa na wengi wasioweza kunywa maziwa yasiyoganda. Hali ni nyingine kabisa kwa mtu mwenye mzio wa protini ya maziwa: huyo hata kipande kidogo cha jibini chaweza kumdhuru, naye hana budi kufuata ushauri wa daktari. Tena wako wanaoacha maziwa kwa imani, kwa hiari, au kwa sababu ya bei. Kosa la kwanza, basi, ni kuyapa makundi yote haya dawa moja.

Kosa la pili ni kununua sura. Viwanda vya Ulaya na Marekani hutengeneza vipande vya rangi ya manjano vinavyofanana sana na jibini ya maziwa. Vingi hufanywa kwa mafuta ya nazi, wanga, chumvi, rangi na vikolezo. Jibini ngumu ya maziwa huwa na protini ipatayo gramu 25 katika kila gramu 100, pamoja na miligramu 700 hivi za kalsiamu, madini yajengayo mifupa na meno. Vipande vya mafuta ya nazi mara nyingi havina hata gramu mbili za protini, na kalsiamu haimo isipokuwa kiwanda kimeitia. Isitoshe, zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni ya ile aina ambayo ikiliwa kwa wingi huongeza lehemu katika damu. Mtu alaye ndizi na kipande kama hicho ameongeza mafuta juu ya wanga. Pengo la protini li pale pale. Kwa mtu mzima alaye nyama na maharage, hasara yake ni fedha. Kwa mtoto anayekua, hasara ni ya mwili wenyewe.

Jibini ya korosho ni afadhali, kwani korosho zina protini ipatayo asilimia 18. Lakini mafuta yake yapita asilimia 40, na si kila nyumba imudu kuzisaga korosho. Soya ndiyo yenye hoja iliyo nzito zaidi. Punje zake kavu zina protini isiyopungua asilimia 35, yenye asidi-amino zote ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Wala soya si mgeni wa jana. Ilijaribiwa mwaka 1907 katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, wakati wa utawala wa Wajerumani, na leo hulimwa hasa katika mikoa ya kusini kama Ruvuma. Katika nyumba nyingi hujulikana kwa unga wake, utiwao katika uji wa lishe. Wachina walikwisha kujua tangu zamani kwamba tui la soya laweza kugandishwa kama maziwa. Mgando huo ndio uitwao tofu.

Utengenezaji wake hauhitaji mtambo. Soya hulowekwa usiku kucha, ikasagwa kwa maji, ikachemshwa na kuchujwa. Tui likiwa bado moto hutiwa maji ya limau au siki kidogo kidogo, hata likatike. Mabonge hukusanywa katika kitambaa safi na kukandamizwa kwa kitu kizito mpaka maji yatoke. Makapi yanayobaki yafaa kwa mifugo, au kuchanganywa na unga.

Jambo moja halipaswi kupuuzwa. Soya mbichi ina kitu kizuiacho umeng'enyaji wa protini, nacho huharibiwa kwa moto. Moshi mjini, kwenye mwinuko wa mita 800 na zaidi, maji huchemka katika nyuzi 97 hivi za sentigredi. Marangu, penye mita zaidi ya 1,400, huchemka katika nyuzi 95 hivi. Kadiri mtu apandavyo mlima, ndivyo apaswavyo kuiacha soya motoni kwa muda mrefu zaidi.

Watapinga wengine kwamba tofu haina ladha. Ni kweli kwamba haina ladha ya jibini, na asiitafute mtu. Ladha yake ni ya upole, na kwa sababu hiyo hupokea kila kiungo: ikikaangwa kwa vitunguu, tangawizi na limau, au ikitiwa katika mchuzi wa ndizi mwishoni mwa mapishi, huliwa kwa hamu. Atakaye ulaini wa kupaka katika mkate analo parachichi la shambani mwake, mradi akumbuke kwamba protini yake ni ndogo. Na asiyepata soya asijione maskini: kiburu, yaani ndizi na maharage, tayari ni ndoa ya wanga na protini iliyofungwa mlimani kabla ya kiwanda chochote.

Tofu nayo isisifiwe kupita kiasi. Iliyogandishwa kwa limau haina kalsiamu ya kutosha. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao na mboga za jamii ya kabichi husaidia zaidi. Vitamini B12 haipatikani katika mimea. Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa hana budi kuipata katika chakula kilichoongezewa au katika vidonge. Wala tui la soya lisifanywe badala ya maziwa ya mama kwa mtoto mchanga.

Hapa shule za sekondari zina kazi. Maabara yenye vifaa vya kipimo cha biureti na iodini yaweza kupima, kwa saa moja, tofu, ndizi, maharage na kipande chochote kiitwacho jibini, ili wanafunzi waone kwa macho yao palipo na protini na palipo na wanga mtupu. Mwanafunzi aliyeona rangi ya zambarau ikitokea katika tofu na kukosekana katika kile cha dukani hatahitaji kuambiwa achague kipi. Wazee wa kihamba walimfuga ng'ombe kwa ajili ya kile alichokipa chakula cha nyumba, si kwa umbo lake. Kitu kishikacho nafasi ya maziwa yake kipimwe vivyo hivyo.