Istilahi zijaribiwe kabla ya kushindiliwa vitabuni

Hivi majuzi mwalimu mwenzangu alinialika nikazungumze na wanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja hapa Kabiro, Kawangware, juu ya uundaji wa istilahi. Kabla sijafungua kinywa, msichana mmoja akanyosha mkono. “Mwalimu, mdeki ni nini?” Alikuwa amekutana na neno hilo katika hadithi. Jirani yake akanitangulia kujibu: mdeki ni mtu anayedeki sakafu. Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana kijana yule alikuwa amefuata mantiki ya lugha yake barabara. Kilichomponza ni kwamba hajapata kuona gobori.

Mdeki ni ufito utumiwao kushindilia baruti na risasi katika gobori, yaani bunduki ijazwayo kwa kupitia mdomo wa mtutu. Kitenzi ‘kushindilia’ wanafunzi walikifahamu vyema. Makanga wa matatu za Kawangware huwashindilia abiria kila asubuhi. Lakini hawakujua kwamba kitenzi hicho kina jamaa zake katika kazi ile ya zamani: gumegume, jiwe litoalo cheche, fataki, kidude kilipukacho kikigongwa, marisau, vijirisasi vidogo vidogo. Maneno haya, yawe ya asili au ya kukopwa, hayakupitishwa na kamati yoyote. Yalipitishwa na watu wenye masizi mikononi, na yakadumu kwa sababu yalijaribiwa kila siku.

Swali likazaa swali. Mmoja alitaka kujua iwapo askari Wanubi walioanzisha Kibera, jirani yetu, walibeba magobori. Nilimweleza kwamba jeshi lao la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902, lilikwisha kuingia zama za bunduki zijazwazo kwa nyuma. Mwingine akauliza risasi ya gobori inazuiwaje isiporomoke mtutu ukiinamishwa. Hapo nikauweka mhadhara wangu kando.

Magobori mengi yaliyofika pwani yetu katika karne ya 19 yalikuwa na mtutu laini ndani. Huko Ulaya na Marekani, hata hivyo, palikuwa na bunduki za aina hiyo zenye mifereji myembamba ndani ya mtutu, izungukayo ili kuizungusha risasi ipate kwenda sawa. Risasi yake ya mviringo ni ndogo kidogo kuliko tundu la mtutu, hivyo huzungushiwa kipande cha nguo ya pamba au kitani, chenye unene wa kama robo hadi nusu milimita, kilichopakwa mafuta. Nguo ndiyo inayoshika mifereji na kuuzuia moto wa baruti usipenye. Mafuta huirahisishia njia na kuulainisha uchafu, na uchafu si haba: zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi hubaki kama masizi na moshi mzito.

Je, nguo ipi na mafuta yapi? Wajuzi wa kazi hiyo hawakai wakabishana. Hufyatua mara kadhaa, kisha hutembea hatua chache mbele na kuokota vile vitambaa nyasini. Kilichoungua katikati husema kwamba moto umepenya. Labda nguo ni nyembamba mno. Kilichokatika kwa mistari husema kwamba kingo za mifereji ni kali. Kilicho kizima, chenye alama za mifereji tu, kimefaulu. Hubadilishwa kitu kimoja kwa wakati mmoja: leo nguo, kesho mafuta. Nta na shahamu hupatana na baruti nyeusi. Mafuta ya petroli mara nyingi huacha utando mgumu kama lami. Hayo yalijulikana kwa kuinama na kuokota.

Sasa kipande kile tukiiteje? Mimi, daktari wa isimu, nilipendekeza ‘kiraka’. Mvulana wa nyuma akaniuliza kwa upole, “Kiraka ni cha nguo iliyotoboka. Sasa hapa kilichotoboka ni nini, Mwalimu?” Istilahi yangu ikafa pale pale. Yule msichana wa mdeki akasema, “Si tuiite mbeleko? Imembeba risasi kama mtoto.” Nikawaomba wachore. Wengi walichora sawasawa, hata lile jambo nililokuwa sijalisisitiza: kwamba mbele ya mtutu mbeleko huanguka, na mtoto akaendelea na safari.

Walimu wenzangu, haya ndiyo tusiyoyafanya. Tunaunda istilahi katika warsha, tunazichapa, kisha tunawatahini watoto. Tuliwapa ‘tarakilishi’ nao wakatwaa kompyuta. Tuliwapa ‘rununu’, ambayo hukaa katika insha ilhali mfukoni mna simu. ‘Mtandao’ na ‘barua pepe’ zilikubalika. Kwa nini hizi zikafaulu na zile zikakwama? Ni wangapi kati yetu waliokwenda kuokota vitambaa?

Ipo hatari nyingine, nayo ni kujaribu nusu nusu. Mwaka 1853 Waingereza walipeleka India risasi zilizofungwa katika karatasi yenye mafuta, za bunduki mpya ya Enfield. Karatasi ilifanya kazi ile ile ya nguo. Walitaka kujua kama mafuta yangestahimili hali ya hewa ya huko, na zikabebwa mikobani mwa askari. Hata hivyo, askari alitakiwa aking'ate kifurushi kwa meno. Mwaka 1857 zikaenea habari kwamba yale ni mafuta ya ng'ombe na nguruwe, najisi kwa Wahindu na haramu kwa Waislamu. Wakubwa wakawaruhusu askari wapake mafuta wanayoyaridhia wenyewe, lakini walikuwa wamechelewa; tarehe 10 Mei uasi ulilipuka Meerut. Sababu zake zilikuwa nyingi, nakiri. Lakini mafuta yalipimwa kwa jua na joto, na mwenye kinywa hakuulizwa.

Kwetu mwenye kinywa ni huyu mwanafunzi wa Kabiro, anayekariri sayansi kwa Kiingereza asichokielewa vizuri kwa kisingizio kwamba Kiswahili hakina maneno. Napendekeza kila orodha ya istilahi ipelekwe kwanza madarasani na kwa mafundi wa jua kali, ikiwa na nafasi wazi ya watu kuikataa.

Msichana yule aliniuliza kama mbeleko yake itaingia kamusini. Nilimwambia ailipeleke neno lake kwa fundi chuma wa karibu na kwao. Wiki iliyofuata akaniletea majibu: fundi amelipenda, ila mkewe aliyekuwa kando amelikataa. Hakuna mama, alisema, anayepaka mbeleko mafuta. Tungali tunatafuta.