Breki kwanza, mbio baadaye

Usiku mmoja hapa Mangateen, yapata saa nne, ulisikika mlio mkali barabarani, kisha wa pili, kisha wa tatu. Mama mmoja jirani aliwakusanya watoto wake, akawalaza sakafuni na kuzima taa. Wazee wawili waliokuwa wakizungumza nje walikimbilia ndani na kuviacha viatu vyao mlangoni. Baada ya dakika chache ilijulikana kwamba hapakuwa na vita wala bunduki. Ilikuwa ni motokaa, Subaru Impreza, iliyoondolewa chombo cha kupunguza mlio wa moshi, ikilipuka nyuma kila mara dereva alipoachia mafuta. Na dereva huyo alikuwa luteni kijana wa jeshi letu.

Yawezekana katika mji mwingine jambo hilo lingekuwa la kuchekesha. Lakini Mangateen ni mahali penye kambi ya watu waliopoteza makazi yao kwa sababu ya vita vilivyoanza Desemba 2013, na mji huu wa Juba ulisikia tena milio ya silaha Julai 2016. Mtu aliyeumwa na nyoka hushtuka aonapo ung'ongo. Je, ni haki kwamba askari, ambaye kazi yake ni kuwafanya wananchi walale usingizi, awe ndiye anayewaamsha kwa hofu?

Kesho yake nilizungumza na luteni huyo. Hakuwa mlevi wala mhuni. Alinieleza kwa heshima: "Afande, gari hili nalitengeneza lifanye kazi mbili. Siku za kazi linipeleke kambini, na siku ya mashindano niende nalo Uganda nikashindane." Nikamwuliza amekwisha kubadili nini. Akanitajia bomba la moshi, tabo iliyoongezwa nguvu, springi fupi za kulishusha gari, na rimu pana. Nikamwuliza habari za breki. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Breki ni zile zile, afande."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa sababu luteni huyu hayuko peke yake. Wapo askari na polisi wengi vijana wanaotumia akiba yao katika jambo hilo hilo, na kwa mpango huo huo wa kuanzia mkiani.

Sipendi nieleweke vibaya. Kupenda motokaa si kosa, na wazo la gari moja lenye kazi mbili si ndoto. Afrika Mashariki ililithibitisha zamani. Mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953, yaliendeshwa mpaka mwaka 2002 katika barabara zilizo wazi, ambazo mabasi, ng'ombe na watoto wa shule walizitumia siku ile ile. Magari yake yalikuwa na namba za usajili, taa na honi kama magari mengine. Hata baada ya Safari kurudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, ambako sehemu za kushindania hufungwa, gari la mashindano likitoka sehemu moja kwenda nyingine hupita katika barabara ya watu wote na kutii sheria ya watu wote.

Sasa tuwatazame walioshinda. Joginder Singh, aliyekulia katika kazi ya gereji nchini Kenya, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo ambalo halikuwa jipya, kisha akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara 5. Ushindi wake wa kwanza ulikuwa mwaka 1973, kwa Datsun 240Z, ambayo ni motokaa ya michezo hasa. Mwaka huo yeye na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa. Mehta akapewa ushindi kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Askari na aliweke somo hilo moyoni: aliyekosea mapema alishindwa na aliyejichunga.

Mafundi wa Safari walifanya nini? Hawakuyashusha magari, bali waliyanyanyua. Waliimarisha bodi, wakaweka bamba la chuma chini ya injini, wakafunga shokomzoba ngumu za kuvumilia mashimo, wakaongeza taa, na wakalinda hewa ya injini dhidi ya vumbi na maji. Walijua kwamba nguvu ya injini haina faida kwa gari lisilofika. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na miaka yote miwili mshindi alikuwa Peugeot 404, gari la kawaida la familia.

Kwa hiyo basi, mwenye kutaka gari la kazi mbili na afuate mpango huu.

Kwanza, breki. Mwendo ukiongezeka mara 2, kazi ya breki huongezeka mara 4. Gari linalosimama katika mita 14 kutoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa litahitaji mita 56 kutoka kilomita 100, na hapo sijahesabu mita 28 zinazopita katika kila sekunde ambayo dereva bado hajakanyaga. Tena, mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Aina ya DOT 4 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 230 za Sentigredi, lakini ikishanyonya maji huweza kuchemka kwenye nyuzi 155. Yakichemka hufanya mvuke, na pedeli huzama mpaka sakafuni bila gari kusimama. Kuyabadilisha mafuta hayo ni gharama ndogo mno kuliko tabo. Lakini asinunue pedi za breki zilizotengenezwa kwa uwanja wa mbio tu, maana hizo hushika vizuri zikiwa za moto. Asubuhi zikiwa baridi, mtoto akikatiza barabara, hazishiki upesi.

Pili, matairi. Tairi la mashindano lenye mifereji michache hushika lami kavu kama gundi, lakini katika mvua zetu huelea juu ya maji. Mwenye busara huwa na seti mbili, moja ya kila siku, nyingine ya siku ya mashindano.

Tatu, springi na shokomzoba, zichaguliwe kwa barabara iliyopo, si kwa picha za magari ya Ulaya. Nne, radieta na kichujio cha hewa, kwa sababu ya joto na vumbi letu. Nguvu ya injini ndiyo ya mwisho, tena kwa kiasi ambacho petroli tunayoipata inakiruhusu.

Liko jambo jingine linalotuhusu sisi zaidi ya majirani zetu. Hapa tunaendesha upande wa kulia, lakini magari mengi yanatoka Kenya na Uganda, wanakoendesha kushoto, nayo yana usukani wa kulia. Katika barabara ya Nimule, yenye kilomita 192 na malori mengi, dereva wa gari kama hilo hukaa ukingoni mwa barabara. Hawezi kuona kinachokuja mpaka gari lake zima liwe limekwisha kutoka nyuma ya lori. Mtu kama huyo akiongezewa nguvu za farasi 100, ameongezewa ushawishi wa kujaribu asichokiona.

Wapo watakaosema kwamba askari huhatarisha maisha yake kwa ajili ya taifa, basi aachiwe furaha yake kidogo. Nakubali kuhusu maisha yake. Lakini maisha ya mwenda kwa miguu si mali ya askari huyo. Wapo na maofisa watakaosema magari hayo yapigwe marufuku kabisa. Nao siwaungi mkono, kwani kijana akizuiwa mchana atakwenda mbio usiku.

Dawa ni kuwapa mahali. Nairobi wamezoea kushindana katika uwanja wa Jamhuri, gari moja moja likipimwa kwa saa. Sisi tuna viwanja vya gwaride na ardhi ya kambi. Makamanda wakishirikiana na polisi wa usalama barabarani waweza kutenga siku, wakafunga eneo, wakaweka gari la wagonjwa na vizimamoto, na fundi akalikagua kila gari kabla halijaingia. Nje ya eneo hilo, sheria iwe moja. Polisi anapolisimamisha gari asitazame kwanza nyota za begani, na mwenye nyota asimlazimishe kuzitazama. Katika chuo cha maofisa tulifundishwa kukagua kufuli ya usalama ya bunduki kabla ya kutia risasi. Breki ndizo kufuli ya gari.

Luteni yule amekwisha kurudisha chombo cha kupunguza mlio, na ameniahidi kwamba fedha atakazopata sasa zitakwenda kwenye breki. Nitamkagua mwenyewe. Mama yule jirani hajui tofauti ya tabo na radieta, wala hana haja ya kujua. Haja yake ni kwamba gari la askari likipita usiku, asilazimike kuwalaza watoto wake sakafuni. Askari wenzangu, hilo si ombi kubwa.