Shamba la Runingani Halina Tembo

Mgahawani kwangu hapa Mikumi runinga imekaa juu ya friji la soda, na sauti yake inashindana na breki za malori yanayokutana na matuta ya barabara kuu. Wateja wangu hawagombani sana kwa ajili ya mpira. Kwenye mpira kila mtu ana timu yake. Wanataniana, wanalipa, wanaondoka. Kinachowafanya waache ugali upoe ni vile vipindi ambamo kundi la watu linashuka kwenye gari, linaingia shamba la mtu lililochoka, na baada ya siku chache linaliacha limepigwa msasa: banda jipya la kuku, tanki la maji, matuta yamenyooka kama mistari ya daftari. Mwisho mwenye shamba anazungushwa huku na huku kuoneshwa mali yake mwenyewe, kama mgeni.

Kinachojulikana zaidi kwetu ni Shamba Shape Up, cha Mediae ya Kenya, kilichoanza kurushwa huko mwaka 2012 kikiongozwa na Tonny Njuguna na Naomi Kamau, kisha kikatufikia kwa Kiswahili kupitia ITV. Siku hizi vijana wanavyo vipande vya namna hiyo kwenye simu, pamoja na bustani za Ulaya ambazo nitazisema baadaye. Maoni ya watazamaji nimeyasikia miaka mingi nikiwa nimeshika mwiko, na sijaona gazeti likiyaandika, basi niyaandike mimi.

Yupo dereva wa malori ya Tunduma ambaye neno lake ni moja: "Mama, hiyo sinema. Nani kakujengea banda bure?" Hajakosea sana. Vipindi hivi vina gharama, na gharama hizo hubebwa na mashirika ya misaada na kampuni za pembejeo. Lakini simuungi mkono moja kwa moja, kwa sababu anayejibizana naye kila siku ni binti wa saluni ya jirani, na binti ana ushahidi. Yeye alijifunza humo kupanda mchicha kwenye viroba. Viroba vyake vinne viko nyuma ya saluni mpaka leo, anachuma mara mbili kwa wiki, na dereva huyo huyo ameshaula mchicha huo kwenye meza yangu bila kujua ulikotoka.

Wa tatu ni mzee ambaye shamba lake liko upande wa hifadhi. Huyu habishani na mtu, anabishana na runinga yenyewe. Mahindi mazuri yakitokea kwenye kioo, meusi kwa ubichi, yamezidi kimo cha mtangazaji, mzee anaweka kikombe chini na kuuliza, "Na tembo?"

Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kucheka. Hifadhi ya Mikumi imekuwepo tangu 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara ya kwenda Iringa na Zambia inaipasua katikati, ndiyo maana wasafiri wengi wanamjua tembo wetu kwa kumpiga picha dirishani. Sisi tunamjua kwa nyayo kwenye tuta la viazi. Mahindi yakianza kubeba, mzee anahamia kwenye dungu, na tochi, na debe la kupiga, na kikohozi cha moshi. Amezungushia kamba zenye vitambaa vilivyochovywa pilipili na oili chafu. Jirani yake ametundika mizinga ya nyuki. Kuna kifuta jasho cha serikali kwa aliyeliwa mazao, lakini mzee anasema kifuta jasho hakipikiki wiki ile ambayo shamba limelala chini. Mtu wa namna hii ukimwonesha nafasi sahihi kati ya shina na shina, atakusikiliza kwa adabu, kisha atakuuliza swali lake.

Mimi kwa muda mrefu nilikuwa upande wa binti wa saluni. Nilifundisha shule za msingi Kilosa kwa miaka 26, na nilipokaribia kustaafu nilikuwa na daftari zima la mambo niliyoyanakili kutoka runingani, kwa mwandiko mzuri kuliko maandalio ya somo. Nikakodi nusu ekari ng'ambo ya mto Mkondoa kwa Sh 50,000 kwa msimu. Nikafanya kila kitu. Samadi nilinunua kwenye boma la Wamasai, magunia 30, nikalipa na wa kubeba. Nikachimba makinga maji. Nikatandaza mabua ya mpunga ili unyevu usikimbie. Nikaandaa kitalu cha nyanya na kuiamkia miche kabla sijawaamkia wanangu.

Msimu wa kwanza kantangaze alinila. Mdudu huyu alikuwa ameingia nchini 2014, na jina tulilompa linatosha kueleza: akishaingia kwako, kilichobaki ni kutangaza tu. Jani linachorwa njia nyeupe, tunda linatobolewa, na dawa uliyozoea haifui dafu. Sikukata tamaa. Msimu wa pili nikabadilisha, nikapanda bamia na mbaazi, udongo ukaanza kuwa mweusi na kulegea, ukiushika unabaki mkononi kama unga wa maandazi. Watu wakawa wanasimama njiani kuangalia. Nilijiona nipo runingani.

Ndipo mwenye shamba akaja, mikono nyuma, akatembea tuta hadi tuta. "Mwalimu, shamba limependeza." Nikafurahi, nikamchumia bamia. Wiki iliyofuata akatuma ujumbe kwamba kijana wake amerudi kutoka mjini na anahitaji pa kulima. Hatukuwa na karatasi. Tuliagana kwa mdomo, kwenye kikombe cha chai. Nikang'oa miti yangu ya kuegeshea nyanya, nikabeba ndoo zangu. Samadi haikusanyiki tena ikishaingia ardhini.

Ushauri wote wa runinga ulikuwa sahihi, na sina ugomvi na mtaalamu yeyote aliyeutoa. Ila ulikuwa ushauri kwa mwenye shamba, nami nilikuwa mpangaji. Katika vipindi nilivyotazama mimi, na nimetazama vingi, sikumbuki hata kimoja kilichoanza kwa kumuuliza mkulima: hapa ni pako? Kilosa swali hilo ndilo la kwanza. Kuanzia Kimamba hadi Rudewa, ardhi nzuri kubwa ilishikwa na mashamba ya mkonge tangu enzi za wakoloni, na sehemu kubwa ya sisi wengine tunalima kwa kukodi, kuazima au kuvizia. Mpangaji akiongeza rutuba, anaongeza kodi yake mwenyewe. Kwa hiyo ukiona shamba la Kilosa limekaa ovyo usikimbilie kusema mwenyewe hana elimu; yawezekana anajua hesabu kukuzidi.

Nitende haki. Kuna mahali runinga ililigusa jambo hili. Shindano la Mama Shujaa wa Chakula, ambalo Oxfam ililianzisha hapa nchini mwaka 2011 na baadaye likaingizwa ndani ya kijiji cha kipindi cha Maisha Plus, liliwaweka wanawake wakulima mbele ya kamera wakiwa na majembe yao. Kina mama wale walizungumza habari za kumiliki ardhi, si habari za matandazo peke yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, lakini ilihitaji mama mwenye vumbi miguuni kulisema hilo sebuleni kwetu ndipo dada zangu wakaacha kusonga ugali wakasikiliza.

Zile bustani za Ulaya ni kichekesho kingine. Mwanangu wa mwisho alinionesha kipindi cha zamani cha BBC, Ground Force, kilichorushwa kuanzia 1997 hadi 2005. Alan Titchmarsh, Charlie Dimmock na Tommy Walsh wanaingia nyuma ya nyumba ya mtu wakati hayupo, wana siku mbili tu, wanapanda maua, wanapiga mbao, wanachimba kabwawa, mwenyewe akirudi analia kwa furaha. Waliwahi kwenda hadi Qunu, Afrika Kusini, kumtengenezea Nelson Mandela bustani. Nilikiweka mgahawani siku moja ya mvua. Watu walitazama kimya mpaka mwisho, kisha mama mmoja muuza vitunguu akasema, "Yaani pote pale hakuna hata tembele?"

Lakini hata yeye aliomba nirudie pale mwenye bustani anapofungua macho. Sisi sote tunaipenda sehemu hiyo. Nadhani ndiyo siri ya vipindi hivi: hakuna asiyetamani kuondoka asubuhi akiacha uchafu wake na kurudi jioni akakuta mtu mwingine ameumaliza. Tofauti ni kwamba yule wa Uingereza bustani yake ikinyauka, anakosa pa kunywea chai. Muuza vitunguu wangu ikinyauka, anakosa ada.

Mabadiliko ya ghafla Kilosa tunayajua, hatukuyafundishwa na runinga. Desemba 2009, kuingia Januari 2010, Mkondoa ulivunja tuta lake, ukazoa nyumba na reli ya kati, na watu wetu wakahamia kwenye mahema. Uwanja wa mama yangu uliamka umefunikwa tope hadi magotini. Jiko lake halikuonekana. Alilia, na hakuna aliyekuja kumfungua macho kwa furaha. Mwaka uliofuata maboga yaliota pale bila kupandwa, makubwa, matamu, kwa kuwa mto ulikuwa umetumwagia udongo wa watu wa juu. Usiku mmoja ulitosha kuubadilisha uwanja ule. Sisi ilituchukua misimu mitatu kujua sasa unataka nini: wapi maji yanatuama, wapi mchicha unaungua, wapi muhogo unaoza. Misimu hiyo mitatu ndiyo kilimo, na ndiyo inayokatwa na mkasi wa mhariri wa picha.

Wanaovibeza vipindi hivi husema ni ugonjwa wa wazungu na Wakenya. Nendeni Nanenane Morogoro mkaone. Agosti, kiangazi kimekaza, milima ya Uluguru imekauka miguuni, na vipando vya maonesho vimechanua kama vimeombewa: kabichi kama vichwa vya watoto, mahindi yamebeba mawili mawili. Vimepandwa kwa kuhesabu siku ili viive tarehe nane, na bomba la maji halikufungwa. Tunapiga picha, tunachukua vipeperushi, tunapanda basi. Mimi nimefanya hivyo zaidi ya mara kumi na sijawahi kurudi Septemba kuangalia.

Kwa hiyo silaumu kamera kwa kuonesha kizuri. Ninachotaka ni warudi masika ikiisha, shamba lile lile, bila kutoa taarifa. Kama tanki limepasuka, tulione. Kama banda limegeuzwa stoo ya mkaa, tulione, na mkulima aeleze kwa nini, maana sababu yake huenda ina akili kuliko banda. Inawezekana: Mediae hao hao mwaka 2017 walitengeneza Don't Lose the Plot, vijana wa Kenya na Tanzania wakipewa kila mmoja kipande chake na kushindana, na mtazamaji akaona zao likikua na likiharibika, na faida ikihesabiwa. Binti wa saluni anakikumbuka mpaka sasa. Anasema pale ndipo alipomuona mtu kwenye runinga akikosea kama yeye.

Na bei. Kila kinachoingia shambani kiwekewe bei yake pale pale kwenye kioo, tanki, nyavu, chanjo ya kuku, mtu wa kubeba. Dereva wangu wa Tunduma angenyamaza siku hiyo hiyo, au angeanza kubishana kuhusu bei, ambayo ni mada ya maana zaidi.

Sisi hapa pia tuna vyetu vya kurekodi. Kituo cha utafiti cha Ilonga kiko jirani kabisa na mji wa Kilosa, na wataalamu wake wanaujua udongo wetu kwa majina yake. Mtu mwenye kamera angeweza kuwachukua hao na mzee wangu wa Mikumi, akawakalisha kwenye dungu usiku mmoja wa mahindi mabichi. Hicho kipindi ningefunga jiko nikakitazame.

Siku hizi silimi shamba la kupanga. Nina viroba 23 vimejipanga pembeni ya mgahawa, udongo nimeutoa uwanjani kwa mama, na fremu ikipandishwa kodi napakia vyote kwenye Kirikuu. Nyanya ya kwanza ilianza kuwa nyekundu Jumatatu. Nikasema niiache siku mbili, wateja waione. Jumatano asubuhi nilipofungua mlango nyani mkubwa, mmoja wa wale wanaokaa barabarani kungoja maganda ya ndizi ya wasafiri, alikuwa ameketi juu ya kiroba cha nne, anaila polepole, mbegu zikimchuruzika kidevuni. Mzee alikuwa keshafika kwa chai yake. Hakumfukuza. Alimtazama nyani, akanitazama mimi, akaniuliza kama runinga ilisema lolote.