Mchezo wa Kwanza ni Salamu, Si Hukumu

Agosti inapoingia, mazungumzo ya Kabeza hubadilika. Mama anayepima maharagwe sokoni humuuliza mteja wake kama usajili umekamilika. Kinyozi husimamisha kazi, mteja akiwa amenyolewa upande mmoja, ili amalize hoja yake juu ya mlinda mlango. Mtaa huu wa mashariki ya mji wa Kigali uko jirani na kambi ya jeshi ya Kanombe, na ukishika njia ya Remera kwa miguu, saa moja haiishi kabla hujauona Uwanja wa Amahoro. Hapana ajabu basi kwamba pazia la kandanda linapokaribia kufunguliwa, Kabeza ni miongoni mwa mitaa inayokosa usingizi wa kwanza.

Katika nyumba moja ya mtaa huo, mfano wa nyumba nyingi, baba ni koplo wa jeshi. Mdogo wa mkewe, ambaye watoto humwita mjomba, ni polisi. Mwaka mzima mashemeji hawa wawili hula sinia moja na kuazimana koti la mvua. Lakini APR inapopangwa kukutana na Police FC, sinia huwekewa mpaka katikati. Baba hutetea weusi na weupe wa jeshi, naye mjomba hujifunga buluu ya polisi. Mama hukaa kati yao na mwiko mkononi, akingoja dakika tisini zipite.

Yafaa kabla ya kipenga cha msimu kulipima pambano la namna hii kwa mizani iliyo sawa, ili kila mmoja ajue analolingojea, na asilie au kucheka kabla ya wakati.

NDUGU WAWILI UWANJANI

APR ilianzishwa mwaka 1993, wakati wa vita vya ukombozi, ikachukua jina la jeshi lililoizaa. Ilitwaa ubingwa wake wa kwanza wa ligi mwaka 1995, na hadi msimu wa 2024-25 ulipofungwa ilikuwa imehesabu mataji 23, sita ya mwisho yakifuatana bila kukatika. Katika Kombe la Kagame, ambalo hushindaniwa na klabu za Afrika ya Mashariki na Kati, ilishinda mwaka 2004, 2007 na 2010.

Police FC ni mdogo wake. Ilizaliwa mwaka 2000, na hadi mwisho wa msimu huo wa 2024-25 ilikuwa haijaonja ubingwa wa ligi. Hata hivyo kabati lake si tupu. Ilitwaa Kombe la Amani mwaka 2015 kwa kuifunga Rayon Sports katika fainali, ikalitwaa tena mwaka 2024 kwa kuilaza Bugesera mabao 2 kwa 1. Mdogo huyu hana mali nyingi, lakini haogopi kugonga mlango wa kaka yake.

Nao ukoo wao ni wa karibu kuliko washabiki wanavyotaka kukiri. Mashami Vincent, mwalimu aliyeipa Police kombe la mwaka 2024, aliwahi kufanya kazi katika benchi la APR. Ben Moussa wa Tunisia, aliyeiongoza APR kutwaa ubingwa wa 2022-23, alikabidhiwa Police FC mwaka 2025. Wachezaji nao huhama kutoka upande huu kwenda ule. Mtu anayemtukana kipa wa jirani leo, huenda mwakani akamshangilia.

AGOSTI INAYODANGANYA

Mchezo wa kwanza wa msimu una tabia moja: husema kwa sauti kubwa, lakini si lazima useme kweli. Ushahidi wa jambo hili umo katika misimu miwili iliyofuatana.

Tarehe 12 Agosti 2023, APR iliingia katika Uwanja wa Pelé, Nyamirambo, kugombea Kombe la Super na Rayon Sports. Kwa msomaji wa Tanzania, kombe hilo ni ndugu wa Ngao ya Jamii: bingwa wa ligi hukutana na mshindi wa kombe la taifa ili kufungua mwaka. Rayon, iliyozaliwa Nyanza mwaka 1968, ni mpinzani ambaye washabiki wa APR hawapendi hata kulitaja jina lake mezani. Kiangazi hicho APR ilikuwa imeuvunja mwiko iliojiwekea tangu 2012, wa kuchezesha Wanyarwanda watupu. Wageni walikuwa wamesajiliwa, na kikosi kilikuwa hakijazoeana. Wachezaji waligongana kama watu wanaotafuta mlango gizani. Rayon ikashinda mabao 3 kwa 0.

Usiku ule wapo waliotangaza kwamba jeshi limekwisha. Miezi mitano baadaye, Januari 2024, kikosi kile kile kilivuka kwenda Zanzibar katika Kombe la Mapinduzi, kikaifunga Yanga ya Dar es Salaam mabao 3 kwa 1. Msimu ulipofungwa, ubingwa ulikuwa wa APR.

Mwaka uliofuata hadithi ilirudi ikiwa na mhusika mwingine. Tarehe 1 Julai 2024, Uwanja wa Amahoro ulizinduliwa rasmi baada ya kujengwa upya na kuongezwa nafasi hadi watazamaji wapatao 45,000. Heshima ya kucheza siku hiyo walipewa APR na Police, na APR ikashinda kwa bao 1 kwa 0. Siku arobaini baadaye, tarehe 10 Agosti, timu hizo hizo zilikutana katika Kombe la Super. Dakika tisini zikapita bila bao. Penalti zikapigwa, na Police ikaondoka na kombe.

Mjomba wa nyumba ile ya Kabeza aliimba hadi alfajiri. Lakini wiki mbili zilipotimu, APR ikaigeuzia kibao Azam ya Tanzania katika Ligi ya Mabingwa wa Afrika: ilikuwa imefungwa bao 1 kwa 0 Dar es Salaam, ikashinda 2 kwa 0 Kigali. Police kwa upande wake ilitolewa mapema na CS Constantine ya Algeria katika Kombe la Shirikisho. Msimu wa 2024-25 ulipokwisha, APR ilikuwa na ubingwa wa ligi na Kombe la Amani pia.

Mara mbili mfululizo, basi, aliyelia Agosti ndiye aliyecheka mwisho. Hili halimaanishi kwamba kombe la Agosti ni bati tupu. Lililoshindwa limeshindwa, na lililoshindiwa limeandikwa. Hakuna atakayekwenda kulifuta jina la Police katika kombe la 2024. Lakini mchezo wa kwanza hupimwa kama salamu ya mgeni mlangoni. Salamu nzuri hufurahisha, ila haijatujulisha kama mgeni atalipa deni lake.

SHABAHA NA MOYO

Liko jambo ambalo askari wa pande zote mbili watalielewa upesi kuliko raia. Katika mwaka ule wa 2024, APR ilishindwa kwa penalti mara kadhaa. Januari ilitolewa na Mlandege katika nusu fainali ya Mapinduzi. Julai 21, katika fainali ya Kombe la Kagame huko Dar es Salaam, ilishindwa na Red Arrows ya Zambia, nayo ni timu ya jeshi la anga. Agosti ikaja zamu ya Police. Katikati ya masaibu hayo iliwahi kuitoa Al Hilal ya Sudan kwa njia hiyo hiyo, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba haikuijua kazi.

Penalti ni shabaha. Kila aliyepita katika uwanja wa kulenga anajua kwamba mkono haukosei peke yake. Pumzi ndiyo inayokosea kwanza. Mpigaji anayeibadili nia yake katika hatua ya mwisho amekwisha kukosa kabla hajaugusa mpira. Dawa yake ni mazoezi ya kila siku miguu ikiwa imechoka, kwa maana penalti za fainali hazipigwi na miguu iliyopumzika. Mchezo wa ufunguzi unapokwenda sare hadi mwisho, mtazamaji mwerevu huwaangalia wale watano wa kwanza wanavyotembea kutoka katikati ya uwanja. Mwendo wao humweleza mengi kabla ya kipenga.

MAMBO YA KUTAZAMA

Mtu anayekwenda Amahoro, au anayekaa sebuleni na redio yake, atafaidi zaidi akiacha kuuandama mpira peke yake. Atazame kwanza walinzi wa kati. Timu inayotoka likizoni huharibika hapo mapema, kwa sababu mshambuliaji anaweza kucheza kwa kipaji, lakini walinzi hucheza kwa kuzoeana. Mmoja akipanda na mwenzake akabaki, mlango umeachwa wazi.

Kisha atazame dakika ya sitini na kuendelea. Hapo ndipo maandalizi ya kiangazi hujidhihirisha. Timu iliyokimbia vya kutosha vilimani itaendelea kuubana uwanja. Ile iliyofanya mazoezi ya picha itaanza kushika viuno.

Tatu, amtazame mwalimu anapobadili wachezaji. Mwalimu anayewaingiza vijana katika mchezo wa kwanza anaujenga mwaka. Anayeng'ang'ania wakongwe wake hadi dakika ya mwisho anaitetea kazi yake.

Na washabiki wa Police wasikate tamaa kwa kuyatazama mataji mengi ya kaka yao. Nchini Kenya, jeshi lilitangulia kwa Ulinzi Stars, iliyotwaa ubingwa mwaka 2003, 2004, 2005 na 2010. Polisi wa Kenya walingoja hadi msimu wa 2024-25 ndipo wakapata ubingwa wao wa kwanza. Uganda nako polisi walikuwa mabingwa mwaka 2005, na mwaka uliofuata wakatwaa Kombe la Kagame. Mdogo hukua, ila hakui kwa mchezo mmoja wa Agosti.

HUKUMU YA MAMA

Limebaki la nyumbani, nalo ndilo zito.

Agosti ni mwezi wa mfuko uliobana. Nchini Rwanda mwaka wa shule huanza Septemba, hivyo pazia la kandanda hufunguliwa katika majuma yale yale ambayo madaftari, sare na viatu vya watoto hudai haki yao. Katika nyumba ile ya Kabeza, mwaka 2024, baba alichukua faranga 30,000 zilizowekwa kwa ajili ya shule akaziweka katika kamari, akiwa na hakika kwamba jeshi halishindwi mara mbili na penalti katika mwezi mmoja. Ilipopigwa penalti ya mwisho, hakulia kwa ajili ya APR. Mtoto wa darasa la tano alianza mwaka na viatu vya mwaka jana, kisigino kikiwa nje. Mjomba alicheka siku ya kwanza. Siku ya pili alijua, akanyamaza. Majuma matatu mashemeji hawakula pamoja, na aibu ndiyo iliyowatenga kuliko mpira.

Mama hakupiga kelele. Msimu uliofuata ulipokaribia, aliwaita wote wawili, akawawekea chai, akasema: "Shemeji yako ni mgeni wangu, nawe ni mume wangu. Mkitaka kuwekeana dau, nitalitunza mimi. Timu itakayoshindwa, mwenyewe atanunua madaftari. Itakayoshinda, mwenyewe atanunua viatu."

Mjomba alifikiri kidogo, akauliza, "Sasa dada, mshindi amepata faida gani?"

"Amepata nafasi ya kununua kilicho ghali," alijibu mama. "Si ndiye mwenye furaha?"

Baba alicheka hadi chai ikamwagika. Tangu siku hiyo fedha za shule hukaa katika kibubu ambacho ufunguo wake haujulikani na mshabiki yeyote, wa jeshi wala wa polisi. Nyama ya mbuzi huchomwa mapema, mihogo huwekwa motoni kabla ya kipenga ili mpishi naye atazame, na watoto hupewa ruhusa ya kushangilia upande wowote wanaoupenda. Yule wa darasa la tano amechagua pande zote mbili. Ameona mbali, kwani kwake yeye hakuna matokeo yasiyoleta kitu.

Uwanja ule wa Remera unaitwa Amahoro, yaani amani, na wazee wa Kigali wanakumbuka kwamba mwaka 1994 maelfu waliokimbia kifo walijificha humo. Jina hilo lina deni kwa kila anayepita mlangoni pake. Jeshi na polisi wakisalimiana kwa mpira katikati ya majani yake, yafaa waliobaki nyumbani nao wasalimiane. Kipenga cha mwisho kikilia, koti la mvua liazimwe kama zamani, na sinia liondolewe mpaka. Msimu bado ni mrefu, na Septemba ina viatu vya kununua.